Televisheni iliyokwama kwenye nembo baada ya umeme kukatika

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu hapa Tukuyu. Televisheni yangu ya Android ya inchi 43 ilianza kugoma kufungua programu za video, nikashauriwa kuiwekea toleo jipya. Nilipakua faili kwa simu, nikalihamishia kwenye flashi, nikachomeka, na kazi ikaanza vizuri. Ilipofika asilimia 41 umeme ukakatika. Uliporudi, televisheni inaonyesha nembo tu, inazima, inaonyesha nembo tena, na inaendelea hivyo mpaka niichomoe. Fundi mmoja wa hapa ameniambia bodi imekufa, niibadilishe. Mwingine anataka kuiwekea faili alilonalo kwenye flashi yake. Nimsikilize nani? Halafu ruta ya ofisi ya shule nayo inaniambia kuna toleo jipya, na sasa nimeogopa kuigusa. Ndaga.

Jibu: Ndaga, mwalimu, na pole kwa yaliyokupata. Kwa sasa nakuomba usimsikilize yeyote kati yao. Yule wa bodi amekata tamaa mapema mno, na yule wa flashi ana haraka iliyopita kiasi. Kati ya hao wawili, ninayemwogopa zaidi ni huyu wa pili. Katika banda langu hapa Mwanjelwa, Mbeya, vifaa vya namna hii huja hasa kuanzia Novemba, mvua zinapoanza, hadi Aprili, na nilichojifunza kwavyo ni kwamba umeme unapokatika katikati ya kazi huacha kifaa kimejeruhiwa tu. Kinachokimaliza, mara nyingi, ni jaribio la pili lililofanywa kwa pupa au kwa faili la kifaa kingine.

Nianze na kilichotokea ndani. Bodi ya televisheni yako, yaani lile bamba la saketi lililo ndani, ina chipu ya kumbukumbu iliyobeba programu dhibiti, yaani maagizo yanayoiongoza mashine jinsi ya kuwasha kioo, kusoma rimoti na kufungua picha. Chipu ya aina hiyo haikubali kuandikwa juu ya maandishi ya zamani; kama ubao wako wa darasani, lazima ifutwe kwanza, tena hufutwa kwa vipande vinavyoitwa bloku, kisha kila bloku huandikwa upya. Umeme ulipokatika, kuna bloku zilizokuwa zimekwisha kupata maandishi mapya, kuna ambazo zilikuwa bado na ya zamani, na huenda kuna iliyokuwa imefutwa lakini haijaandikwa kitu. Mashine inaposoma kutoka mwanzo na kufika kwenye pengo hilo, inashindwa kuendelea, inajizima na kuanza upya. Huo ndio mzunguko unaouona.

Hata hivyo, katika sehemu yake ya pekee ndani ya kumbukumbu, kuna programu ndogo ya kuwashia ambayo mafundi huiita butiloda. Hiyo ndiyo inayoamka kabla ya yote, inakagua vifaa vya lazima, inatafuta mfumo mkubwa na kuukabidhi kazi. Masasisho mengi ya kawaida hayaigusi, au huigusa mwishoni kabisa. Sasa fikiria, mwalimu: ile nembo unayoiona imechorwa na nani? Katika televisheni nyingi za Android, nembo ya kwanza isiyocheza, ambayo mara nyingi ni jina la chapa, huonyeshwa na butiloda. Ile ya pili inayochezacheza au yenye vidoti vinavyozunguka huonyeshwa na mfumo wenyewe. Ukiona ya kwanza tu, butiloda inaishi na mfumo umevunjika. Ukiona na ya pili, hata sehemu kubwa ya mfumo imepona. Kwa vyovyote vile, bodi inayoweza kuchora nembo haijafa, na kuitupa sasa ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu mlango umekwama.

Kabla ya kufika kwenye flashi, ondoa shaka moja. Umeme unaporudi baada ya kukatika, hasa wakati wa radi, huweza kuja na mshtuko unaoiumiza pawa saplai, yaani sehemu inayoilisha televisheni umeme, na pawa saplai dhaifu huleta dalili inayofanana sana na yako: kioo kinapowaka na kudai umeme mwingi, volti zinashuka na mashine inajizima. Chomoa kila kitu kilichounganishwa nyuma, yaani king'amuzi, flashi, na kebo ya HDMI, uache waya wa umeme peke yake. Iwashe ukiwa na saa mkononi, uhesabu sekunde tangu nembo itokee mpaka izime, mara tano. Zikiwa zinalingana karibu kila mara, tuseme 22, 22, 23, 22, 22, mashine inafika mahali palepale pa maandishi na kukwama, na tatizo ni la programu. Zikiwa zinapishana ovyo, au mwanga wa kioo unafifia kabla ya kuzima, au asubuhi inakawia kuzima kuliko jioni wakati mtaa mzima umewasha majiko na umeme umepungua nguvu, peleka kwa fundi apime pawa saplai kwanza. Usiifungue mwenyewe. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa ndani ya pawa saplai hufikia volti 325 hivi, na ile kapasita kubwa huweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Tuseme sekunde zimelingana. Hapo ndipo faili linapohitaji uangalifu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huharibikiwa.

Jina la modeli lililo kwenye kibandiko cha nyuma halitoshi. Viwanda, hasa vya televisheni za bei nafuu, huuza modeli moja ikiwa na bodi tofauti na vioo tofauti kulingana na walichokipata sokoni mwezi huo. Kinachoamua faili lipi linafaa ni namba ya bodi, iliyochapwa kwenye bodi yenyewe (katika bodi nyingi za kawaida huanza na herufi TP na nukta), pamoja na namba ya kioo iliyo kwenye kibandiko cha mgongoni mwa kioo. Mwaka fulani mama mmoja mwenye saluni kule Uyole aliniletea televisheni akilalamika kwamba rimoti haifanyi kazi. Nilipoiwasha nikaona picha imegeuka juu chini. Nilimuuliza alikuwa anaitazamaje, akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba kijana aliyeiwekea programu ameigeuza pia ukutani, kwa hiyo picha ilikuwa sawa. Kijana huyo alitumia faili la modeli ileile lakini la kioo kingine. Picha kugeuka, rangi kuwa kama za negativu, picha kugawanyika mara mbili, rimoti kutosikika: hizo zote ni dalili za faili la jirani. Yale madogo hurekebishwa kwenye menyu ya mafundi, lakini faili la bodi nyingine kabisa linaweza kufuta hiyo butiloda ambayo sasa ndiyo tegemeo lako lote. Ndiyo maana nimesema namwogopa yule mwenye flashi mfukoni. Muulize tu, kwa heshima, faili lake ni la namba gani ya bodi. Kama hana jibu, muage vizuri.

Faili lako wewe lilianza kupokewa, jambo ambalo ni ishara njema, kwa kuwa faili la bodi tofauti mara nyingi hukataliwa mlangoni. Lakini usilitumie tena bila kulikagua, kwa sababu baadhi ya bodi hukagua kichwa cha faili tu na kuacha kiwiliwili, na faili lililopakuliwa kwa simu kwenye mtandao unaokatika linaweza kuwa na kichwa kizima na mkia uliokatika. Lipakue upya kwenye tovuti ya mtengenezaji, au uwaombe huduma kwa wateja wakutumie ukiwapa namba ya bodi na namba ya utambulisho ya kifaa chako. Kisha linganisha ukubwa wake kwa baiti, si kwa megabaiti zilizokadiriwa. Kama mtengenezaji ametoa alama ya uhakiki ya SHA-256, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64, nenda kwenye kompyuta yenye Windows, fungua dirisha la amri katika folda yenye faili, uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kompyuta itakupa mfuatano wake. Ukipishana na wa mtengenezaji hata kwa herufi moja, faili hilo halifai, futa.

Usibadilishe jina la faili. Televisheni huenda inatafuta jina maalumu na haitambui jingine lolote. Ukipakua mara mbili, kompyuta huongeza (1) mwishoni mwa jina, nawe huioni kwa sababu hujaangalia, halafu unashinda unalaumu flashi. Kama limekuja ndani ya zipu, lifungue kwanza, uweke kilichomo ndani. Liweke wazi kwenye flashi, nje ya folda yoyote, isipokuwa maelekezo ya mtengenezaji yataje folda.

Flashi nayo ina mambo yake. Iwe ya kawaida, ya GB 4 hadi 16, ifomatiwe kwa FAT32, ambao ni mpangilio wa kuhifadhi mafaili, kwa kuwa butiloda ni programu ndogo na mara nyingi hiyo ndiyo lugha pekee inayoisoma. Flashi zenye mipangilio mingine, NTFS na exFAT, huziona kama tupu. Flashi inayozidi GB 32 Windows kwa kawaida haikupi chaguo la FAT32, na hiyo ni sababu nyingine ya kutafuta ndogo. Flashi iliyowahi kutumika kuweka Windows kwenye kompyuta inaweza kubaki na vigawanyo viwili, na televisheni ikasoma kile kisicho na faili. Na jambo ambalo wengi hawalijui: zile flashi za GB 64 zinazouzwa kwa bei ya soda mara nyingi zina GB chache tu ndani, ila zimedanganywa zionyeshe namba kubwa. Ukiweka faili, flashi inakubali, jina linaonekana, ukubwa unaonekana, lakini nusu ya maandishi imepotea. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayoijaza flashi na kuisoma tena kupima ukweli wake. Mimi siiweki flashi kwenye kazi kabla ya kuipitisha hapo. Siwezi kuapa, lakini ningekuwa mpiga ramli ningesema hata bila umeme kukatika flashi yako ingekuangusha.

Sasa umeme. Kwa Tukuyu na mvua zake, usianze kazi hii kwa kutegemea laini ya ukutani peke yake. Televisheni ya inchi 43 hula takribani wati 100 au pungufu, kwa hiyo UPS, yaani kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, hata ndogo ya VA 650 yenye betri nzima inatosha kuibeba mpaka kazi iishe. Lakini ijaribu kwanza: washa televisheni kupitia UPS, acha izunguke kwenye nembo yake, kisha chomoa UPS ukutani na usubiri dakika 15. Nimeona UPS zenye betri iliyochoka zikizima baada ya sekunde chache, na mwenye nazo alikuwa anazitegemea kwa miaka mitatu. Chagua asubuhi isiyo na mawingu. Usitumie sola ambayo inveta yake hulia ikizidiwa.

Namna ya kulazimisha usakinishaji hutofautiana kati ya chapa na chapa, lakini kwa bodi nyingi za kawaida huenda hivi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kilicho kwenye televisheni yenyewe kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe. Chomeka flashi, kama kuna matundu mawili au matatu ya USB, anza na lile la USB 2.0 au lililoandikwa kwamba ni la huduma, maana butiloda mara nyingi husikiliza tundu moja tu. Endelea kubonyeza kitufe kilekile cha televisheni, si cha rimoti, huku mtu mwingine akichomeka waya ukutani. Usiachie mpaka taa ndogo ya mbele ianze kupepesa haraka au kubadilisha rangi kwa zamu, jambo linaloweza kuchukua sekunde 10 hadi 20. Achia, kaa, usiguse kitu. Kioo kinaweza kubaki cheusi muda wote, na hapo ndipo watu hukosa subira na kuchomoa. Ukiwa na wasiwasi kama kuna kitu kinaendelea, itazame taa, au mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa gizani: kama picha hafifu inaonekana, mashine inafanya kazi na taa za nyuma za kioo ndizo hazijawaka. Kazi huchukua dakika chache hadi robo saa, na kuwaka kwa mara ya kwanza baada yake huchelewa kuliko kawaida. Ikishawaka, ingia kwenye mipangilio uirudishe katika hali ya kiwandani, ili mabaki ya data za zamani yasigombane na toleo jipya.

Kama taa haijapepesa kabisa, usirudie mara 20. Badilisha jambo moja kwa wakati: tundu jingine, kisha flashi nyingine, kisha kitufe kingine kama televisheni yako ina zaidi ya kimoja. Kama taa inapepesa kidogo kisha inaacha, faili limeonekana na limekataliwa, na sababu inaweza kuwa jina, kichwa cha faili, au toleo la zamani kuliko lililokuwemo; baadhi ya watengenezaji wamefunga mlango wa kurudi nyuma kwa makusudi, ili watu wasirudishe matoleo yenye mianya ya usalama.

Pengine unajiuliza mbona simu ya kijana wako husasishwa usiku akiwa amelala na haifi. Tangu Android toleo la 7, la mwaka 2016, simu zinaweza kutengenezwa kwa mfumo wa vyumba viwili: toleo jipya huandikwa katika chumba cha pili wakati la zamani likiendelea kufanya kazi, na likishindwa kuwaka simu hurudi chumba cha kwanza. Televisheni za bei ya chini mara nyingi zimenyimwa chumba hicho cha pili kwa sababu kinadai chipu kubwa zaidi. Wala usijilaumu kupita kiasi. Mwezi Juni mwaka 2020 mashine nyingi za Samsung za kuchezea diski za Blu-ray ziliingia kwenye mzunguko kama wako zikiwa majumbani kwa watu, kwa sababu ya faili moja lenye kasoro lililotoka kwenye seva za kampuni yenyewe, na wenye nazo walilazimika kuzirudisha zikatengenezwe.

Njia ya flashi ikikataa kabisa, kazi inahamia kwa fundi mwenye vifaa, na hapo kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni kuunganisha waya wa mawasiliano wa volti 3.3 kwenye pini za bodi, kwa kawaida kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, ili kusoma kwenye kompyuta maneno ambayo butiloda huyatamka inapowaka. Mara nyingi yenyewe inataja bloku iliyoharibika. Ya pili ni kuiandika chipu moja kwa moja kwa kifaa cha kuprogramu. Swali la kumuuliza fundi ni moja: je, utanakili kilichomo kwenye chipu kabla ya kuandika? Ndani ya chipu kuna vitu vya televisheni yako peke yake, kama anwani ya mtandao na funguo za programu za video zinazolipiwa, na faili la kutoka kwa televisheni nyingine halina vitu hivyo. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilifuta chipu ya mteja bila kunakili. Televisheni iliwaka vizuri, lakini programu aliyokuwa akiilipia haikufunguka tena, nami nilirudisha pesa yake yote. Bodi ya kubadilisha ije baada ya hapo, iwapo chipu yenyewe imechakaa na haikubali kuandikwa.

Ruta ya shule ni habari nyingine, na hiyo nakushauri uisasishe. Televisheni iliyokuwa inafanya kazi vizuri unaweza kuiacha na toleo lake la zamani. Ruta inakabiliana na dunia nzima usiku na mchana. Mwezi Mei mwaka 2018 watafiti wa Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, walitangaza kirusi kilichoitwa VPNFilter, kilichokuwa kimeingia katika ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, na vingi vilikuwa na mianya inayojulikana. Fanya kwa kebo, si kwa Wi-Fi. Hifadhi kwanza mipangilio yake kwenye kompyuta. Tazama kibandiko cha chini uone toleo la kifaa chenyewe, V1, V2 au V3, kwa kuwa kila moja lina faili lake ingawa maboksi yanafanana. Ikishindwa, ruta nyingi zina mlango wa dharura; kwa ruta nyingi za TP-Link, kwa mfano, kompyuta hupewa anwani 192.168.0.66, na ruta ikiwashwa huku kitufe cha kurudisha mipangilio kimebonyezwa huja yenyewe kuomba faili. King'amuzi cha dishi kinachosasishwa kwa mawimbi, kiache mpaka mvua ikatike.

Ukiamua kuileta Mbeya, ibebe ikiwa imesimama, kioo kikiegemezwa kwenye kitu laini, kamwe isilazwe chali chini ya mizigo kwenye Koasta, kwa kuwa mitikisiko ya zile kona za kutoka Tukuyu hupasua kioo kilicholala. Njoo na rimoti yake, njoo na zile hesabu tano za sekunde zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, na ile flashi ya mwanzo uiache kama ilivyo, usifute faili lililomo.